Nimepata Ngazi ya 3 ya roketi kubwa. Uzi kwa vijana wa Lubumbashi wanaojaza mabomba ya chuma

FundiKatuba (mwanzisha uzi)

Bandugu, salamu kutoka Katuba.

Wiki mbili zilizopita kijana wa mtaa wa nyuma alinijia karakana amefungwa bendeji, kuanzia vidole mpaka karibu na kiwiko. Mkono wa pili, usio na jeraha, ulishika kipande cha bomba la chuma kilichopasuka na kufunguka kama ganda la hindi. Alitaka nimchomelee lingine, nene zaidi. Nilikataa. Nikamkalisha kwenye benchi, tukaongea mpaka umeme uliporudi, saa mbili za usiku.

Yeye si wa kwanza. Najua wengine Ruashi, najua kikundi Kampemba. Mnatazama video, mnaona moshi na mlio, mnajaza bomba. Naandika uzi huu kwa sababu mwaka huu, mwezi wa tano, nilirusha roketi ya mota ya M na kupata cheti cha Ngazi ya 3. Juu yake hakuna ngazi nyingine. Ilinichukua miaka 9 tangu cha kwanza. Kuna jambo moja nataka mlijue kabla hamjagusa moto tena: hakuna anayekupa cheti kwa sababu roketi yako imepaa. Unapewa ikishuka. Imeshuka kwa mwavuli, iko nzima, na mtu asiye wewe ameishika mikononi na kukubali kwamba inaweza kuruka tena siku ileile.

Kimo hakiulizwi kabisa. Roketi ya mita 600 iliyotua vizuri inapata cheti, ya mita 3,000 iliyojichimbia ardhini haipati.

Historia yangu kwa kifupi. Nilisoma umeme hapa, nikaishi Wichita, Kansas, nikitengeneza malori, nikarudi nyumbani 2021. Kule wikendi nilikuwa naenda kwenye malisho ya ng'ombe ambako wapenda roketi hukutana. Wana vyama viwili vikubwa: NAR, kilichoanza 1957, na Tripoli. Mimi ni mwanachama wa Tripoli.

Ngazi zinakwenda hivi. Mota hupewa herufi kulingana na jumla ya msukumo wake, yaani nguvu mara muda inaowaka, na kila herufi ni maradufu ya iliyotangulia. Ngazi ya 1 ni H na I, mpaka niutoni-sekunde 640. Ngazi ya 2 ni J, K na L, mpaka 5,120. Ngazi ya 3 ni M, N na O, mpaka 40,960. Namba inayofuata herufi ni wastani wa nguvu ya kusukuma kwa niutoni. Mota yangu iliandikwa M1297. Roketi yote ikiwa tayari ilikuwa kilo 19, yaani uzito wa niutoni 186 hivi, kwa hiyo nguvu ya kusukuma ilikuwa karibu mara 7 ya uzito. Chini ya mara 5 msimamizi wa usalama atakuuliza maswali mpaka ujute kuamka.

Bila kadi ya ngazi husika huuziwi mota, isipokuwa ile ya kurushia cheti chenyewe. Na kule hakuna anayejaza bomba nyumbani ili apate cheti. Mota za cheti ni za kiwandani, zimepimwa.

Nitaendelea. Ulizeni.

---

Kipushi_23

Yaya, asante sana. Lakini niseme ukweli, sisi huku izo mota tunazipata wapi? Wewe ulikuwa Marekani. Sisi tuko na bomba na tuko na hamu. Ukituambia tusijaze, unatuambia tuache.

---

FundiKatuba

Mdogo wangu, hamu yako naijua, nilikuwa nayo kabla hujazaliwa. Sikuambii uache. Nakuambia umeanzia mwisho.

Kwanza bomba. Kanuni za usalama za roketi kubwa zinataka mwili wa vitu vyepesi: karatasi ngumu, mbao, plastiki, faibaglasi. Metali laini, inayopinda kabla ya kuvunjika, inaruhusiwa pale tu ambapo lazima. Fundi wa kuchomelea yeyote anajua kwa nini. Karatasi ikipasuka inachanika. Bomba la chuma likipasuka linakuwa vipande vinavyoruka kwa kasi ya risasi, na wewe uko mita 3 umeshika kiberiti. Kule kwa mota moja ya H unasimama angalau mita 30, kwa M ni mita 150, na unawasha kwa waya na swichi yenye ufunguo. Hakuna kiberiti.

Pili, angalia kazi ya roketi imegawanyikaje. Moto wa mota yangu ulidumu sekunde 4 na kidogo. Kushuka kulichukua karibu dakika 2. Maandalizi yalichukua miezi 14, na katika hiyo, mota niliigusa asubuhi moja tu. Yote mengine ni hesabu, gundi, kushona, waya, kupima. Hayo yote yanafanyika Katuba. Yanafanyika Kipushi. Mimi nimeyafanya hapa, nitaeleza jinsi gani.

---

DarAnga

Mkuu, heshima yako. Naomba utupe kisa cha Ngazi ya 1 na 2 kwanza, maana wengi tunataka kujua mtu anaanguka wapi. Mtihani upo?

---

FundiKatuba

Ngazi ya 1 haina mtihani wa kuandika. Unajenga roketi yako mwenyewe, unairusha kwa H au I mbele ya shahidi aliyeidhinishwa, inarudi salama, anasaini. Yangu ilipita 2016 kwa mara ya kwanza, na hiyo ilinidanganya.

Ngazi ya 2 ina mtihani: kanuni za usalama, umbali wa kusimama, namna ya kusoma mota, kitovu cha uzito na kitovu cha mgandamizo wa hewa (mahali ambapo ni kama nguvu yote ya hewa inasukuma roketi). Nilipita mtihani. Roketi ndiyo ilianguka, 2017. Sikilizeni vizuri, hapa ndipo nilipojifunza kazi hii.

Nilitumia J, na mwavuli ulikuwa wa kufunguliwa na mota yenyewe. Mota nyingi za aina hiyo zina kipande cha kuchelewesha: msukumo ukiisha, kinaungua taratibu kwa sekunde kadhaa huku roketi ikiendelea kupanda kwa kasi iliyobaki, halafu kinalipua baruti kidogo inayosukuma mwavuli nje. Idadi ya sekunde unachagua wewe. Ukikadiria vizuri, mwavuli unatoka roketi ikiwa kileleni, karibu imesimama.

Nilipiga hesabu kwenye programu, nikaandika uzito wa kilo 3.4. Nikachagua sekunde 14. Baada ya hesabu nikaongeza gundi ya epoksi kwenye mapezi, nikapaka rangi matabaka matatu, nikaweka kamba nene zaidi. Sikuipima tena. Siku ya kurusha ilikuwa kilo 4.1, na nililijua hilo baadaye, nilipoiweka kwenye mizani jioni.

Roketi nzito hupanda chini zaidi na hufika kileleni mapema. Yangu ilifika, ikageuza pua, ikaanza kushuka, na sekunde zilikuwa bado zinahesabu. Mwavuli ulitoka roketi ikiwa tayari inakimbia kuelekea ardhini. Ulishika hewa kwa ghafla, kamba ikavutwa nyuma juu ya ukingo wa mwili, ikaupasua kuanzia mdomoni kwenda chini, mstari mmoja ulionyooka. Wenyewe wanaita zipu.

Ilitua taratibu kabisa. Watu walipiga makofi. Nikaibeba kwa furaha mpaka kwa shahidi. Yule mzee aliigeuza, akaingiza kidole cha shahada kwenye mpasuko, akakishusha mpaka mwisho wake, sentimita 12. Akaniuliza: "Ungeirusha tena sasa hivi?" Nikajibu hapana. Akanirudishia karatasi bila saini.

Nilirudi mwaka uliofuata. Roketi nimeipima mara nne, mara ya mwisho ikiwa imekaa mezani na mota ndani. Nikapita.

---

Mwalimu_Ruashi

Papa, mimi nafundisha fizikia sekondari. Wanafunzi wangu wana miaka 14 mpaka 17. Je, kuna nafasi kwa umri huo, au ni watu wazima tu?

---

FundiKatuba

Mama mwalimu, vyeti hivi vya watu wazima vinaanzia miaka 18. Tripoli wana mpango wa vijana wa miaka 12 mpaka 17, wanarusha chini ya mkono wa mwanachama mwenye cheti. Lakini kwa darasa lako nisingeanza na vyeti. Ningeanza na programu ya OpenRocket. Ni ya bure, ilianza kama kazi ya shahada ya mwanafunzi mmoja wa Helsinki, na ndiyo watu wengi wa kazi hii wanaitumia hata leo. Inafanya kazi kwenye kompyuta ya zamani. Wanafunzi wachore roketi, waone kitovu cha uzito kiko wapi na kitovu cha mgandamizo kiko wapi. Cha uzito lazima kiwe mbele, kuelekea pua, kwa angalau upana mmoja wa mwili. Hesabu ya kitovu cha mgandamizo iliyomo kwenye programu ni ya James Barrowman, aliyekuwa NASA, ya miaka ya 1960, na mwanafunzi wa darasa la mwisho anaweza kuifanya kwa kalamu.

Jambo moja la hapa kwetu: kwenye sehemu ya uwanja waandike kimo cha Lubumbashi, mita kama 1,200 juu ya bahari. Hewa yetu ni nyepesi kuliko ya pwani, na majibu yanabadilika.

---

PolytechUNILU

Ya Fundi, twende Ngazi ya 3. Umesema umeyafanya Katuba. Yapi hasa?

---

FundiKatuba

Ngazi ya 3 ni karatasi kabla ya roketi. Tripoli wana jopo linaloitwa TAP, wanachama wenye Ngazi ya 3 waliopewa kazi ya kukagua. Unachagua wawili na kuwapelekea mchoro wako kabla ya kukata chochote. Wanauliza. Unajibu kwa picha na hesabu. Mimi nilikuwa hapa, wao kule, kwa barua pepe, nikituma picha usiku mtandao ukiwa mwepesi. Mwili wa roketi niliununua kule, ukakaa kwa kaka yangu mpaka nilipofika kuunganisha. Lakini vitu viwili vilitoka Lubumbashi.

Cha kwanza ni mwavuli mkuu. Ameushona shemeji yangu, fundi cherehani, ana meza yake pale Kenya, mtaa wa hapahapa Lubumbashi. Nailoni, vipande 8. Mkaguzi mmoja aliandika swali la mstari mmoja: unajuaje mishono itashika? Sikuwa na jibu. Basi tukaenda kwenye mwembe wa nyumbani, tukafunga mwavuli juu kwa kitambaa chake na kamba zote chini kwenye kulabu moja, tukaanza kutundika mifuko ya sementi ya kilo 50. Mmoja. Miwili. Kwa wa tatu mshono mmoja ulianza kufunguka, uzi ukitoka mmoja mmoja, unausikia. Shemeji akaona mwenyewe, akasema huo ni uzi wa sketi. Akaufumua mwavuli wote, akarudia kwa uzi wa kushonea mahema na mstari mara mbili. Safari ya pili mifuko 4 ilikaa tangu asubuhi mpaka jua kuzama. Nikatuma picha. Mkaguzi akajibu: "Sawa. Linalofuata." Shemeji ameniomba nakala ya barua ile, ameibandika ukutani.

Cha pili ni chumba cha altimita. Ngazi ya 3 haikubali mwavuli kutegemea mota peke yake. Unatakiwa kuwa na vifaa vya umeme vinavyosoma hewa, na viwe viwili, kila kimoja na betri yake, swichi yake na baruti yake. Altimita inahisi mgandamizo wa hewa ukipungua roketi inapopanda. Ukiacha kupungua na kuanza kuongezeka, inajua iko kileleni, inafungua mwavuli mdogo. Roketi inashuka haraka lakini haivurugiki. Ikibaki mita 210, inafungua mkubwa. Ukifungua mkubwa juu kabisa, upepo utaibeba mpaka kijiji kingine.

Nilizijaribu mezani kwangu. Chupa kubwa ya kioo ya kachumbari, kifuniko nimekitoboa, ndani altimita, na mahali pa baruti nimeweka taa ndogo mbili. Unavuta hewa kwa pampu ya mkono: kwa kifaa, kinapanda. Unaachia taratibu: taa ya kwanza inawaka. Unaendelea kuachia: ya pili inawaka. Nilirudia mara 40 na kuandika kila moja kwenye daftari. Mara ya 17 taa ya pili haikuwaka. Betri ilikuwa imechoka. Tangu siku hiyo kila kurusha ni betri mpya.

---

Mwalimu_Ruashi

Naomba ruhusa nifanye hiyo ya chupa darasani.

---

FundiKatuba

Fanya mama, na unialike.

---

MzeeWaLuvua

Mimi nimekulia upande wa Manono. Mnasahau kwamba Katanga ilirusha roketi kabla ya wengi. OTRAG, kampuni ya Wajerumani wa Lutz Kayser, walipewa na Mobutu eneo kubwa la kama kilomita za mraba 100,000. Walirusha 1977, wakarusha mara mbili 1978. Ya mwisho, mwezi wa sita, Mobutu alikuwepo, ikaanguka. Baadaye wakaondoka.

---

FundiKatuba

Mzee wangu, asante, hilo lilipaswa kuwa mwanzo wa uzi. Na tusiwasahau watu wa roketi za Troposphère kule karibu na Kinshasa, kazi ya Jean-Patrice Keka. Ya 2009 ilibeba panya na ikapotoka njia. Mimi nawaheshimu sana. Ninachotaka kwa vijana wa hapa ni kile ambacho hakuna aliyetuachia: mtu wa kukagua, karatasi ya kukagulia, na daftari la makosa.

---

KivuKimya

Kaka, niko Goma. Nasoma kwa hamu lakini ujue, huku kwetu kitu kikilia na kupaa angani, mama anavuta watoto chini ya kitanda. Mwanangu anapenda mambo haya. Siwezi kumruhusu awashe hata fataki.

---

FundiKatuba

Ndugu yangu, una haki na hujakosea. Pole sana kwa mnayopitia. Hata hapa Lubumbashi nasema wazi: sijarusha mota yoyote kubwa kwenye ardhi ya Kongo na sitarusha bila ruhusa ya maandishi. Kule Kansas anga inaombewa kibali kwa FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, kabla ya siku ya kurusha, na ndege ikionekana tunasimama. Hapa tuna uwanja wa ndege wa Luano, tuna nyasi kavu kuanzia mwezi wa saba ambazo cheche moja inatosha, na tuna watu waliochoka na milio.

Mwanao mpe kompyuta na OpenRocket, mpe karatasi, mkasi na gundi. Mwambie ashone mwavuli na kuuangusha kutoka ghorofani na yai chini yake. Hakuna mlio. Na ninamaanisha kabisa ninaposema kwamba hiyo ni nusu ya Ngazi ya 3.

---

Kampemba_Moto

Fundi, weka basi mchanganyiko wa mafuta ya mota hapa, sisi wengine ni watu wazima.

---

FundiKatuba

Hapana. Wala kwa ujumbe wa faragha. Kijana niliyemtaja mwanzoni alipata mchanganyiko kwa mtu mzima.

---

DarAnga

Mkuu, bado hujasema siku yenyewe ya M ilikuwaje.

---

FundiKatuba

Kweli. Chumba cha altimita nilikisafirisha ndani ya sanduku, nimekifunga kwa kitenge, bila baruti wala betri. Kule tuliunganisha, tukaipima, kilo 19. Wakaguzi walikuja na orodha yangu mwenyewe niliyoandika, wakanisomea kila mstari, nami naonyesha kwa kidole.

Upepo ulikuwa mdogo. Waliposema namba 1 nilikuwa nimeshika mkono wa kaka yangu bila kujua. Mota ya M haianzi kwa mlio, unaanza kuihisi kifuani. Ikaondoka kwenye reli imenyooka. Kileleni, mita 1,900 na kitu, nikasubiri kuona moshi mdogo wa mwavuli wa kwanza. Haukutokea. Nilihesabu: moja. Ndipo ukatokea.

Mwavuli wa shemeji ulifunguka kwenye mita 210, mwekundu na njano, na ukailaza roketi kwenye nyasi.

Tulipofika mkaguzi alinyoosha mkono kunizuia. "Usiguse. Zima swichi kwanza." Nikazima zote mbili. Ndani tulikuta kikombe kimoja cha baruti kimejaa bado. Waya wa altimita ya kwanza ulikuwa umechomoka kwenye skrubu wakati wa kuondoka. Altimita ya pili, niliyoipanga ichelewe sekunde moja, ndiyo iliyofungua. Ningekuwa na moja tu, kilo zile zote zingeshuka na pua chini kwenye malisho ya mtu.

Nilimwonyesha mwenyewe ule waya. Aliutazama, akaandika kwenye karatasi, akaniuliza nitaufunga vipi mara ijayo. Nikamweleza. Akasaini.

---

Kipushi_23

Yaya, nimerudi. Bomba nimeliuza kwa mtu wa vyuma chakavu.

Nimetengeneza ya chupa ya soda, ya maji na pampu ya baiskeli. Gramu 212. Nimeifunga kamba kwenye kitovu cha uzito nikaizungusha juu ya kichwa kuona kama itaenda na pua mbele. Mara ya kwanza ilienda na mkia mbele. Nikaongeza udongo wa mfinyanzi gramu 40 kwenye pua, nikatafuta kitovu upya, ikaenda na pua. Nimeirusha mara 5, kamba ya kuachia ni mita 10 na watoto wote wako nyuma yangu. Mwavuli wa mfuko wa plastiki umefunguka mara 2.

---

FundiKatuba

Mdogo wangu, umeandika vizuri sana. Zile mara 3 uliukunja vipi? Na zile 2? Andika leo kabla hujasahau, hata kama unaona ni sawasawa.

Jumamosi saa 3 asubuhi njoo Katuba nayo, pamoja na daftari. Kijana wa bendeji atakuwepo. Nimempa kazi ya kukagua, na ameshaniuliza kama anaruhusiwa kukataa.